Dick Mwaminifu na Mifuko Miwili

Tarehe 14 Machi 1888, mjini Frankfort, jimbo la Kentucky nchini Marekani, karani wa hazina alimwona bosi wake akijaza sarafu za dhahabu na fedha kwenye mifuko miwili ya tumbaku. Hakuona ajabu. Bosi mwenyewe alikuwa James Tate, mweka hazina wa jimbo, jamaa aliyejulikana kote kama "Honest Dick", yaani Dick Mwaminifu. Nani angemshuku?

Tate alichaguliwa mara ya kwanza 1867. Kila baada ya miaka miwili wapiga kura walimrudisha ofisini, hadi akapitisha miaka ishirini. Alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Mwanasiasa akikwama, Tate alimkopesha pesa za umma, akachukua kikaratasi cha deni na kukitia kwenye sefu. Sasa fikiria: kama wewe ni mbunge na jina lako liko mle ndani, utadai ukaguzi?

Kwenye kampeni za ugavana za 1887, William Bradley wa Republican alitaka hazina ichunguzwe. Akashindwa, lakini swali halikufa. Bunge lilipoanza kuulizia vitabu, Tate akaomba muda avipange vizuri. Kisha akapanda treni, na mifuko yake.

Wakaguzi walipofungua vitabu walikuta pengo la takriban dola 247,000, na hesabu zilizochezewa tangu angalau 1872. Gavana Simon Buckner alitangaza zawadi ya dola 5,000 kwa atakayemkamata. Seneti ikamhukumu na kumvua cheo bila yeye kuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini Tate lake alikuwa ameshaondoka nalo. Hakupatikana kamwe. Alimwacha mke na binti, na waliomdhamini wakabaki kudaiwa.

Katiba mpya ya Kentucky ya 1891 ilizuia maafisa kama yeye kushika kiti vipindi viwili mfululizo. Kizuizi hicho kilidumu mpaka 1992. Yaani kwa miaka mia moja, wengine walihesabiwa muda kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyejisumbua kumhesabia pesa. Wizi ulikuwa humo vitabuni kwa miaka 16. Ilitosha mtu mmoja kuvifungua.