Mkate wa Liyongo na gemu za kuishi

Wapo wenzangu wanaozidharau gemu za kompyuta, hasa zile za ngano za mashujaa ambamo kijana huzurura nchi nzima atakavyo, mara apigane na majoka, mara ajenge nyumba. Ati kujenga nyumba nako ni ushujaa? Swali zuri, ila jibu lake ni la kale kuliko kompyuta.

Mwaka 1988, katika Ultima V ya Mmarekani Richard Garriott, wakazi wa mijini waliamka asubuhi, wakaenda kazini, wakala, wakalala, shujaa awepo asiwepo. Ultima VII ya 1992 ilimwezesha mchezaji kuchukua unga, kuukanda na kuoka mkate. Skyrim ikatoka 2011, na mwaka uliofuata nyongeza yake, Hearthfire, ikaruhusu kununua kiwanja, kujenga na kuasili watoto. Mkate ule haukuhitajika ili kumshinda adui. Uliwekwa kwa sababu nchi isiyo na mwokaji haiaminiki.

Sasa tazama Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Humo mkate ndio unaookoa. Mama mtu anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, ndani yake katia tupa. Saada, kijakazi, anaipeleka gerezani. Walinzi wanaitwaa ile mizuri, wa wishwa wanamwachia mfungwa. Hila nzima imesimama juu ya jambo la jikoni: mlinzi hali wishwa. Kisha kuna kikoa cha makoma. Wawindaji wa bara, Wasanye na Wadahalo, walikusudia kumfuma Liyongo akiwa juu ya mkoma. Yeye akayaangusha makoma kwa mishale, miguu yake ikiwa chini. Anaoa pia, tena kwa Wagala (jina wasilolitaka wenyewe, leo twasema Waorma), waliozishika nyanda hizi za Ijara kabla Wasomali hawajavuka Juba.

Shuleni twafundisha nini? Nguvu, usaliti, sindano ya shaba kitovuni. Wishwa na kikoa hupitwa mbio, na mwanafunzi akiulizwa mkoma ni mti gani, husema ni mnazi.

Hasara hii nzito zaidi kwa Waboni, au Waaweer kama wajiitavyo, wa msitu unaoshika Ijara na Lamu. Waliishi kwa upinde na asali. Mwaka 1976 sehemu ya msitu ikafanywa hifadhi ya taifa. 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini. 2015 ikaja Operesheni Linda Boni, na wengi wakazuiwa kuingia msituni. Basi mtoto wa Kiboni leo aweza kuwinda paa ndani ya Skyrim na kuuza ngozi yake bila wasiwasi. Babu yake, kwa kazi hiyo hiyo, angefikishwa kortini.

Maneno ya kazi hiyo ndani ya gemu ni ya Kiingereza. Yale ya Kiaweer, ya kumwita ndege wa asali kwa mluzi na kufukiza nyuki, yamebaki kwa wazee. Mafundi wa gemu tunao: Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi hapa Kenya mwaka 2007. Atakayetaka kumtengeneza Liyongo anayeishi, si anayepigana tu, aanzie kwa wazee hao, na awaulize kwanza habari za mluzi.