Discombobulate

Discombobulate (dis-kom-bob-yu-leit, mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu) ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kumvuruga mtu akili au kumwondolea utulivu. Hutumika zaidi katika umbo la discombobulated, kwa mtu aliyebabaika: anajua alipo na anachotakiwa kufanya, ila mambo yamemjia kwa mpigo hata hajui aanzie wapi. Ni neno la mzaha, halimfai mfiwa wala mgonjwa. Kwa Kiswahili, kubabaika hulikaribia kuliko kuchanganyikiwa, ambalo huweza kudokeza wazimu.

Muundo

Neno hili lina sura ya Kilatini bila kuwa la Kilatini. Viambishi dis- na com- ni vya Kilatini kweli, na mwisho wake unafanana na wa calculate na regulate. Lakini kipande cha katikati, -bob-, hakina maana yoyote katika lugha hiyo. Inaaminika kuwa waliolibuni walikuwa wakichezea discompose au discomfit, maneno ya kawaida yenye maana ya jirani.

Asili

Lilienea Marekani katika miaka ya 1830, mwanzoni likiwa na maumbo yaliyoyumbayumba kama discombobricate. Magazeti ya huko wakati huo yalipenda kuchekesha wasomaji kwa kuiga lugha ya wasomi. Absquatulate, yaani kutoroka, ni la kipindi hichohicho. Utani wa magazeti ndio uliozaa pia O.K., iliyochapishwa Boston mwezi Machi 1839 kama kifupi cha oll korrect, maneno all correct yaliyokosewa tahajia kwa makusudi. Absquatulate siku hizi halisikiki sana. Discombobulate bado linasemwa.

Matumizi ya sasa

Mwaka 2008 uwanja wa ndege wa Milwaukee, jimboni Wisconsin, ulitundika kibao cha Recombobulation Area mara tu baada ya sehemu ya ukaguzi wa usalama. Hapo abiria waliketi wakavaa viatu, wakafunga mikanda na kurudisha kompyuta kwenye mabegi. Waliokiandika waliondoa dis- na kuweka re- ya kurejesha, kana kwamba -combobulate lilikuwa shina halali tangu zamani. Chama cha wanaisimu cha American Dialect Society kiliyapigia kura maneno hayo kuwa ya ubunifu zaidi kwa mwaka huo.