Santanoni: Kambi ya Matajiri Kando ya Ziwa Newcomb

Kambi Kuu ya Santanoni iko kando ya Ziwa Newcomb, katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, Marekani. Barabara ya changarawe inayotoka lango la kijiji cha Newcomb hadi ziwani ina urefu wa takriban kilomita saba na nusu, na wageni hawaruhusiwi kuipita kwa gari. Wao huenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari la kukokotwa na farasi. Theluji ikishatanda, huvaa ski na kuteleza.

Mwishoni mwa karne ya 19 matajiri wa miji ya mashariki walipenda kukimbilia Adirondack wakati wa kiangazi. Huko walijenga majumba ya magogo ambayo wenyewe waliyaita kambi, ijapokuwa yalikuwa na watumishi, mabohari na sahani za kaure. Robert C. Pruyn, mwenye benki wa mji wa Albany, pamoja na mkewe Anna, walijikusanyia msitu wa ekari 12,900. Msanifu wao wa majengo alikuwa Robert H. Robertson, na jumba kuu lilijengwa mwaka 1892 na 1893 kwa magogo yapatayo 1,500 ya sprusi, mti wa jamii ya msonobari.

Jumba hilo lina asili ya mbali kuliko msitu wenyewe. Mwaka 1861 Rais Abraham Lincoln alimteua baba yake Pruyn kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Japani, na kijana huyo akafuatana naye. Aliyoyaona huko yanasomeka katika ramani ya jumba: ni nyumba sita zilizo mbalimbali, sebule na chumba cha kulia vikiwa katikati, zote zikifunikwa na paa moja kubwa na kuunganishwa na baraza pana. Likitazamwa kutoka juu, jengo lina umbo la ndege aliyekunjua mabawa. Aliyelala chumba cha pembeni hakuweza kwenda mezani bila kutoka nje. Alipita barazani, mvua ikichuruzika ukingoni mwa paa na ziwa likiwa mbele ya macho yake. Ndani ya sebule kuta zimebandikwa magome ya mti wa betula, na milango imepambwa kwa fito za sprusi zilizopasuliwa katikati na kupangwa kwa nakshi.

Kuanzia mwaka 1902 hivi, shamba la kambi lilipanuliwa sana. Ng'ombe wa maziwa, kondoo, nguruwe na kuku walifugwa huko, na siagi ilitengenezwa katika jengo dogo la mawe. Familia za wafanyakazi ziliishi shambani mwaka mzima, hata katika baridi kali. Nyumba ya lango, yenye tao la mawe, ilijengwa mwaka 1905.

Pruyn alifariki mwaka 1934, na mwaka 1953 kambi ilinunuliwa na ndugu wawili kutoka Syracuse. Julai 1971 mjukuu katika familia hiyo, mtoto wa miaka minane, alipotea msituni. Mamia ya watu walimtafuta wasimpate. Mwaka uliofuata familia iliuza kila kitu, na ardhi ikaingia mikononi mwa jimbo.

Hapo ndipo majengo yalipopatwa na hatari. Tangu 1894 katiba ya New York imeagiza msitu wa hifadhi ubaki pori daima, na maofisa walishikilia kwamba majumba hayana nafasi ndani yake. Kwa miaka mingi mapaa yalivuja na magogo yakaoza. Hata hivyo agizo hilohilo ndilo lililoinusuru barabara isigeuke njia ya magari na ufuko usijengwe mahoteli. Mwaka 1990 kiliundwa chama cha kuhifadhi majengo ya kihistoria ya Adirondack, na kwa kushirikiana na serikali ya jimbo na mji wa Newcomb kilianza ukarabati. Mwaka 2000 eneo la majengo lilitambuliwa kisheria kuwa la kihistoria, na kambi ikapewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa. Banda kubwa la shambani, lililonusurika zama za kupuuzwa, liliteketea kwa moto mwaka 2004.

Shamba liko kama kilomita moja na nusu kutoka langoni, na wenye watoto wadogo wengi huishia hapo. Kutoka hapo barabara hupanda polepole hadi kileleni, kisha huteremka kuelekea ziwani. Katika wikendi maalumu za majira ya baridi, ndani ya karakana ya mawe ya msanii iliyoko ufukoni huwashwa moto ili wageni wapate kujipasha joto. Kiangazi jumba kuu huwa na waongozaji wa kuwatembeza watu chumba kwa chumba.