Seremala wa Hämeenlinna

Mashindano ya kumtafuta mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani yalianzishwa mwaka 1977 huko California, na katika miaka yake ya mwanzo yalikuwa tamasha la televisheni zaidi ya kuwa mchezo wenye kanuni zilizotulia, kwani watu wazito waliokwisha kujipatia sifa kwingineko, wanyanyuaji wa vyuma, watupa tufe na wana mieleka, walikusanywa pahala pamoja wakapewa magari ya kuvuta, mapipa ya kubeba na nondo za kupinda, ili hadhira istaajabu. Mmarekani Bill Kazmaier alilitwaa taji hilo mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1980. Baadaye wakaja watu wawili wa Iceland, Jón Páll Sigmarsson na Magnús Ver Magnússon, ambao kila mmoja alilipata mara nne, hata ikawa kama kwamba nguvu zimehamia katika kisiwa kile cha barafu na volkeno na hazina nia ya kuondoka.

Wafini nao hawakuwa wageni wa vyuma. Mji wao wa Turku ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mwaka 1978 katika ule mchezo ambao mtu hupimwa kwa mambo matatu tu, yaani kuchuchumaa na kuinuka akiwa amebeba chuma mabegani, kulala chali akakisukuma juu kutoka kifuani, na kukiinua kutoka sakafuni mpaka asimame wima. Na katika shule hiyo ya subira, isiyo na mbwembwe wala makofi mengi, walitoka baadhi ya majabari waliojaribu bahati yao kwenye mashindano yale makubwa. Mwaka 1990, mashindano yalipofanyika kwao katika mji wa Joensuu, Ilkka Nummisto alikuwa wa tatu. Mwaka 1996, katika kisiwa cha Morisi, ndani ya bahari yetu hii ya Hindi, Riku Kiri alikuwa wa pili nyuma ya Magnús Ver.

Aliyeuvunja mwiko huo wa Wafini kulikosa taji alikuwa Jouko Ahola, mzaliwa wa mwaka 1970 wa Hämeenlinna, mji wa kale wenye ngome kandokando ya ziwa, ambaye kazi yake ilikuwa useremala. Kimo chake kilikuwa sentimita 185 na uzito wake kadiri ya kilo 125, kiasi ambacho sokoni kingewafanya watu wampishe njia, lakini miongoni mwa hirimu zake wa ulingoni kilimfanya aonekane mdogo. Alishinda mwaka 1997 huko Nevada, na ushindi wake, kwa rai yangu, una maana kubwa kuliko tarakimu zake. Mathalani, tuyatazame yale mawe ya mviringo matano ambayo kwa desturi hufunga mashindano: hayana mpini wala pembe ya kushikia, kila moja ni zito kuliko lililotangulia, na ni wajibu wa mtu kulikumbatia jiwe, kulipakata mapajani, kisha kuinuka kwa nguvu za nyonga akiliviringisha kifuani mpaka litue juu ya kibao. Hapo wingi wa nyama pekee haufui dafu. Anayekawia jiwe la pili hufika kwenye la tano pumzi zimemwisha, ilhali mwenye wepesi, na mwenye kuijua mizani ya kitu kabla hajakigusa, humpita mtu amzidiye kilo thelathini.

Mwaka 1998, mjini Tangier, Moroko, alishindwa na Magnus Samuelsson wa Uswidi. Mwaka uliofuata, kisiwani Malta, alilirudisha taji, na aliyemfuata alikuwa Mfini mwenzake Janne Virtanen, ambaye mwaka 2000, huko Sun City, Afrika ya Kusini, alilichukua yeye. Ahola hakulipata tena.

Ndipo likatukia jambo la shani. Werner Herzog, mtengeneza filamu wa Kijerumani, alikuwa na hadithi ya Zishe Breitbart, Myahudi wa Poland aliyekuwa mashuhuri kwa nguvu zake hadi alipofariki mwaka 1925, na ambaye Herzog, bila kujali tarehe, alimpeleka Berlin ya mwaka 1932, wakati Hitler akibisha hodi mlangoni mwa utawala. Kwa nafasi ya shujaa hakutafuta mwigizaji wa kumtunisha kwa mavazi. Alimchukua Ahola, akamweka mkabala na Tim Roth, mwigizaji aliyebobea, na filamu ikatoka mwaka 2001. Wapo waliolalamika kwamba seremala yule hakujua kuigiza. Mimi naona kwamba haya zake mbele ya kamera ndizo zilizoipa kazi ile ukweli, maana mtu wa kijijini aliyesombwa na mji, kama shujaa wa filamu ile, hapaswi kuwa na ulimi mwepesi. Mwaka 2005 alionekana tena, mara hii kwa muda mfupi, katika filamu ya Ridley Scott juu ya vita vya msalaba. Na katika mashindano yenyewe alirudi akiwa mwamuzi, akiwahesabia wengine mawe yao.