Mwanajeshi Aliyekuwa Sauti ya Kandara

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Thika utapita Membley na Ruiru. Leo waona nyumba nyingi; lakini zamani za ukoloni nchi hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi, na Mwafrika alikuwamo kama kibarua tu. Ng'ambo ya Thika, upande wa Murang'a, ndiko Kandara, ambako Bildad Kaggia alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1963.

Kaggia alikuwa karani wa serikali huko Fort Hall kabla ya kuingia jeshi la Mwingereza mwaka 1940. Vita vilimfikisha Mashariki ya Kati, hata Uingereza kwenyewe. Usidhani askari hujifunza kutii tu. Huyu alirudi mwaka 1946 akiwa na maswali mengi: akaanzisha dini isiyotegemea wamisionari, akaongoza wafanyakazi, na mwaka 1952 akakamatwa pamoja na Kenyatta. Walihukumiwa Kapenguria.

Uhuru ulipopatikana alifanywa Waziri Mdogo wa Elimu. Lakini watu wake wa Kandara hawakuwa na ardhi, naye hakukubali kwamba mtu aliyenyang'anywa shamba alipe fedha ili arudishiwe. Alitaka mashamba ya walowezi yawe ya ushirika. Alionywa anyamaze, hakunyamaza, na mwaka 1964 akaacha uwaziri. Mwaka uliofuata Rais Kenyatta alimkemea hadharani mbele ya watu wake wa Kandara, akamwuliza amejifanyia nini, ilhali wenziwe wa gerezani walikuwa na mashamba, nyumba na mabasi. Swali hilo lilikusudiwa kumwaibisha. Mimi naliona kuwa sifa kubwa kupita zote alizopata kupewa.

Alihamia chama cha KPU, na katika uchaguzi mdogo wa 1966 akapoteza kiti chake. Mwaka 1968 alifungwa kwa sababu ya mkutano usio na kibali. Mwaka huo huo, uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya ulipofika, hati za wagombea wa KPU, wapatao 1,800, zilikataliwa zote. Hivyo mwananchi mdogo hakupewa nafasi ya kuchagua diwani wa chama hicho hata kijijini kwake.

Kaggia alirejea KANU mwaka 1969. Hakupata utajiri. Katika uzee wake alikuwa na kinu cha kusagia mahindi, mpaka alipofariki mwezi wa Machi, 2005.