Hesabu mapigo kabla ya kidonge: kumuuguza mgonjwa wa presha na moyo

Diploma yangu ya uuguzi niliisomea Machakos, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mtoto wa Mombasa niliyezoea joto, nikajikuta chini ya milima ya Iveti, ambako asubuhi ya Julai vidole hukataa kushika kalamu. Siku hizo hospitali ya pale ilikuwa bado yaitwa Machakos General. Leo ni Machakos Level 5, na tangu 2013 iko chini ya serikali ya kaunti.

Somo ninalolikumbuka mpaka leo nilipewa wodini. Nilikuwa nimeshika trei ya dawa za asubuhi, nimefika kitanda cha mzee mmoja mwenye ugonjwa wa moyo, digoksini yake iko kwenye kikombe. Sista wa wodi akaniuliza, "Umehesabu?" Nikamjibu nimeangalia, yuko sawa. "Sikukuuliza kuangalia." Akaweka stetoskopu yake kifuani mwa mzee, chini ya titi la kushoto, akatazama saa dakika nzima bila kusema neno. Mapigo yalikuwa 52. Kidonge kikarudi kwenye chupa, daktari akaitwa.

Sheria yenyewe ni fupi. Mtu mzima anayetumia digoksini hupimwa mapigo kwa dakika nzima kabla ya kupewa dawa. Yakiwa chini ya 60, dawa inashikiliwa na daktari anaarifiwa. Kuhesabu sekunde kumi na tano kisha kuzidisha kwa nne hakutoshi, kwa sababu moyo mgonjwa huruka mapigo, na ile ruka ndiyo unayoitafuta.

Kwa nini ukali wote huo kwa kidonge kimoja kidogo? Digoksini hutoka kwenye jamii ya mmea ambao daktari wa Kiingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, akaeleza unavyosaidia watu waliovimba maji, na papo hapo akaonya kwamba ukizidi unaleta kutapika, macho kuona mambo yasiyo ya kawaida, na mapigo kupungua. Sisi huku hatuhitaji kwenda mbali. Sumu ya mishale waliyokuwa wakiitumia Wakamba na Wagiriama hupikwa kutoka mti wa Acokanthera, na kilichomo ndani yake, wabaini, ni cha ukoo mmoja na digoksini. Hufanya kazi moyoni kwa njia ile ile. Kipimo kidogo kinausaidia moyo kusukuma, kikizidi kidogo tu kinausimamisha. Nafasi baina ya hayo mawili ni nyembamba sana, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka huwa nyembamba zaidi, kwani dawa haitoki mwilini upesi.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliyasahau.

Shangazi yangu alikuwa na moyo uliopanuka. Alipewa digoksini, Lasix na enalaprili, na kwa kuwa mimi ndiye muuguzi wa ukoo, dawa zikawa mkononi mwangu. Wiki za mwanzo nilihesabu. Baadaye nikazoea. Alikuwa shangazi, anacheka, anaulizia habari za watoto, nikampa vidonge vyake na maji nikaenda zangu. Kisha akaanza kukataa chakula. Akatapika. Nyumbani ikasemwa ni malaria, jirani mmoja akasema ni kijicho. Siku ya nne akaniambia taa ya chumbani imekuwa na duara la manjano. Hapo ndipo nilipomshika mkono nikahesabu: 44. Tulimkimbiza hospitali, digoksini ikasimamishwa, damu ikaonyesha potasiamu imeshuka. Alipona, alhamdulillahi. Lakini siku zile nne nilikuwa nampa ile ile dawa iliyokuwa ikimdhuru, na nina cheti ukutani.

Potasiamu ndiyo kiungo cha kisa hiki. Lasix, yaani furosemaidi, humtoa mgonjwa maji, na maji hayo huondoka na potasiamu. Ikipungua mwilini, digoksini huuma zaidi hata kama kipimo hakijabadilika. Kwa hivyo mgonjwa wa dawa hizi mbili akiharisha au kutapika, usingoje. Dalili nyingine ni misuli kulegea na kukaza kwa mkakamao.

Hapa ndipo watu wetu huuliza kuhusu madafu. Dafu lina potasiamu nyingi, mbaazi pia, na ndizi. (Mbaazi ninazokula na mahamri asubuhi, nyingi zalimwa huko huko Ukambani; nilipozikuta Machakos ndani ya muthokoi nilijiona niko nyumbani.) Kwa anayetumia Lasix peke yake vyakula hivi vinaweza kumfaa. Lakini enalaprili, losatani na spironolaktoni huizuia potasiamu isitoke. Mwenye dawa hizo, hasa kama figo zina kasoro, akinywa madafu kila siku kwa kuambiwa yanashusha presha, potasiamu inaweza kupanda mpaka moyo ukasimama. Usimnyweshe mgonjwa madafu kama dawa kabla ya kumwuliza daktari wake vidonge vyake ni vya upande gani.

Lasix hupewa asubuhi. Ikiwa ni mara mbili, ya pili isipite saa nane au tisa mchana, ama sivyo mgonjwa ataamka usiku kucha kwenda chooni, na mzee gizani huanguka. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, mpime uzito na uandike. Kilo mbili zikiongezeka kwa siku tatu, hayo ni maji yanarudi. Usingoje miguu ivimbe wala aanze kulala kwa mito mitatu.

Presha nayo haina kelele. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Na kupima kwenyewe tunakosea. Mgonjwa anapanda ngazi, anaketi, mkanda unafungwa juu ya shati huku akieleza habari za mkwewe. Mwache akae dakika tano. Mgongo uegemee, miguu iguse chini bila kupishana, mkono uwe wazi juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu. Asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa wala kutafuna miraa nusu saa kabla. Asizungumze. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, rudia, na siku nyingine rudia tena.

Kila kidonge cha presha kina tabia yake, na muuguzi ajua tabia hizo ili mgonjwa asikimbie dawa kimyakimya. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua. Nimeona watu wakipimwa makohozi mara mbili na tatu, kumbe wabadilishiwe dawa tu. Lakini enalaprili ikivimbisha midomo au ulimi, hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile. Haipewi mwenye mimba, wala losatani. Atenololi haikatwi ghafla, moyo huruka. Kwa mwenye kisukari anayedunga insulini, huficha ule mpapatiko unaomwonya kwamba sukari imeshuka, basi ajichunge na jasho.

Karibu dawa zote hizi humletea mtu kizunguzungu akisimama haraka. Kwetu hili huonekana msikitini, mzee akiinuka kutoka sijda na kuyumba. Aketi kidogo kwanza, ashike kitu, na ruhusa ya kuswali juu ya kiti ipo. Wengine huona haya. Nimemwona mmoja aliyevunjika nyonga.

Ramadhani ni mlango mwingine. Kidonge cha mara moja kwa siku kwa kawaida kinaweza kuhamishiwa futari au daku, ila mpango ufanywe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mwenye moyo uliochoka na Lasix mara mbili akifunga kwenye joto la pwani anaweza kukauka, figo zikaumia. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, nanyi mlio nyumbani msimfanye aone ameshindwa.

Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyojificha, isizidi kijiko kimoja cha chai. Papa, ng'onda, achari na viungo vya mchuzi vya pakiti vimekwisha kuila kabla hujatia chumvi sufuriani. Balungi hukorofishana na nifedipini na atovastatini. Na zile sindano na vidonge vya maumivu tunavyonunua dukani, diklofenaki na Brufen, hupandisha presha, na zikikutana na enalaprili pamoja na Lasix huzipiga figo vibaya. Goti likiuma, panadoli ndiyo ya kuanzia.

Wenye wafarini, wengi wao waliowekewa vali ya bandia, wasiambiwe waache mchicha na kisamvu. Wale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na wasikose kipimo cha damu cha INR. Fizi zikitoka damu, kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au akigonga kichwa hata kidogo, waende hospitali. Na vijana wenye moyo wa ugonjwa wa baridi yabisi wasikose sindano yao ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, hata wakijisikia wazima.

Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya tuligoma miezi mitano, na mabinti na wake walifanya nyumbani kazi tuliyoisomea miaka mitatu na nusu. Kwa kweli wanaifanya hata bila mgomo. Mgonjwa akitoka wodini hupewa mfuko wa vidonge na tarehe ya kurudi, basi. Kabla hujamtoa, ulize mambo manne: hiki ni cha nini, nipime nini kabla ya kumpa, nikiona nini nisimpe, na nimpigie nani. Andika kwenye daftari la shule la shilingi thelathini. La shangazi lina safu tatu, tarehe, mapigo na kilo, na ukurasa ule wenye siku nne tupu sikuuchana.