Songkran: Sikukuu ya maji inayowagawa wageni waishio Thailand

Kila inapowadia tarehe 13 Aprili, Thailand husimamisha shughuli zake nyingi kwa muda wa siku tatu ili kuukaribisha mwaka mpya wa jadi. Sikukuu hiyo huitwa Songkran. Mahekalu hujaa waumini tangu alfajiri, vituo vya mabasi hufurika wasafiri, na ifikapo mchana barabara za mijini hugeuka kuwa viwanja vya kumwagiana maji. Kwa Wathai ni sikukuu isiyo na mfano. Kwa wageni wanaoishi nchini humo, ambao idadi yao ni mamilioni, jambo si jepesi hivyo. Wapo wanaoihesabu kuwa ndizo siku bora za mwaka, na wapo wanaonunua chakula cha wiki nzima na kujifungia ndani mpaka ipite.

Asili ya sikukuu

Jina Songkran limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuvuka au kupita, yaani jua kuhama kutoka buruji moja hadi nyingine. Kuvuka kunakokusudiwa hapa ni kule kwa mwezi wa Aprili, jua linapoingia buruji ya Hamali. Hesabu hiyo ya kale haikutumiwa na Wathai peke yao. Myanmar husherehekea siku hizohizo kwa jina la Thingyan, na Laos, Kambodia, Sri Lanka na Wadai wa mkoa wa Yunnan nchini China nao wana mwaka mpya wao katikati ya Aprili.

Katika kalenda ya serikali, mwaka wa Thailand sasa huanza tarehe 1 Januari kama kwingineko. Mwaka 1889, enzi ya Mfalme Chulalongkorn, mwanzo wa mwaka ulipangwa kuwa tarehe 1 Aprili, na tangu 1941 ukahamishiwa Januari. Ili kuingia katika utaratibu huo mpya, mwaka uliotangulia ulikatizwa ukawa na miezi tisa tu. Hata hivyo Songkran haikufutika katika mioyo ya watu. Tarehe 13 Aprili ni Siku ya Wazee, na tarehe 14 ni Siku ya Familia.

Msikilizaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hatapata tabu kuelewa kwa nini maji yakawa alama ya mwaka mpya. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka wa jua huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na jina lenyewe lamaanisha kuoga. Watu hupigana kwa mikomba ya migomba, kibanda huchomwa moto, kisha uchafu wa mwaka uliokwisha huenda kuachwa baharini. Asili za sikukuu hizi mbili ni tofauti, kwani ile ya Makunduchi hunasibishwa na Nairuzi ya Waajemi. Fikra ya kuosha yaliyopita, lakini, ni ileile.

Nchini Thailand uoshaji huo huanza kwa upole. Sanamu za Budha humwagiwa maji yaliyotiwa manukato. Mchanga huchukuliwa hadi kwenye ua wa hekalu na kufinyangwa kuwa minara midogo, ikiwa ni kurudisha ule ulioondoka na nyayo za waumini mwaka mzima. Kisha vijana hupiga magoti mbele ya wazazi, mabibi na mababu, huwamiminia maji kidogo viganjani, na wazee hujibu kwa dua. Ni desturi hizi, pamoja na za mtaani, ambazo shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana.

Ndoo, barafu na bunduki za plastiki

Anachokutana nacho mgeni wa mjini aghalabu si hicho. Katika barabara za Khao San na Silom mjini Bangkok, na kandokando ya handaki la maji linalozunguka mji wa kale wa Chiang Mai, maelfu ya watu hupigana kwa bunduki za maji za plastiki, mipira ya bustani na ndoo. Magari ya pikapu hupita polepole yakiwa yamebeba mapipa na vijana. Baadhi ya maji huwa yametiwa barafu, na anayemwagiwa mgongoni bila kutarajia hutoa mayowe ambayo wenzake huyapokea kwa kicheko. Mashavu hupakwa udongo mweupe uliolainishwa kwa maji. Haiulizwi kama wewe ni mwenyeji au mgeni, bosi au mtumishi, na hapo ndipo wapenzi wa sikukuu hii wanapoanzia hoja yao. Aprili ni kilele cha joto. Mwaka 2023, katikati ya mwezi huo, mkoa wa Tak ulifikia nyuzijoto 45.4. Katika hali kama hiyo ndoo ya maji ni rehema. Nchi ambayo kwa mwaka mzima huzingatia sana vyeo na heshima hupata siku tatu ambazo mtu asiyejua hata neno moja la Kithai anaweza kucheza na mtaa mzima.

Wengine furaha yao ni ya namna nyingine kabisa. Wakazi wengi wa Bangkok wana asili ya mikoani, hasa ukanda wa Isan ulioko kaskazini mashariki, nao hurudi kwao. Jiji lenye sifa mbaya ya misongamano hubaki tupu. Mgeni anayekaa mbali na mitaa ya maji huweza kutembea katika utulivu asioupata wakati mwingine wowote, ingawa itambidi avumilie duka la jirani, fundi na mama ntilie wake kuwa wamefunga.

Malalamiko makubwa hutoka kwa wastaafu na wafanyakazi wa muda mrefu kutoka Ulaya, Australia na Amerika, hasa wanaoishi katika miji ya kitalii. Hawalalamikii siku ya kwanza. Wanalalamikia ya sita. Mjini Pattaya na viunga vyake mkoani Chonburi, sikukuu haiishi tarehe 15. Huendelea hadi siku ziitwazo Wan Lai, ambazo kilele chake mjini Pattaya ni tarehe 19. Kwa muda huo mtu hawezi kutoka kwenda dukani au hospitalini bila uwezekano wa kurudi amelowa, simu imeharibika na nyaraka zimerowana. Siku ya kwanza ni raha, ya tatu ni uchovu, ya sita ni karaha. Serikali ilipotangaza azma ya kuzitandaza sherehe za 2024 katika mwezi mzima wa Aprili ili kuvuta watalii, baadhi ya wakazi hao waliipokea habari hiyo kama adhabu, ijapokuwa vita vya maji vyenyewe havikuendelea kila mahali kwa mwezi mzima.

Wengi huongeza kwamba mila nzuri imeharibiwa. Lalamiko hilo Wathai wazee nao wanalo, tena tangu zamani. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba mitaa inayolaumiwa zaidi ni ileile iliyojengwa kwa ajili ya wageni, na kwamba mgeni anayeishi kijijini, aliyeoa au kuolewa huko, huiona Songkran nyingine. Yeye husubiri zamu yake pamoja na mashemeji na wifi ili ammiminie mavyaa maji viganjani. Kwa watu wa namna hiyo tatizo si maji bali ni ukoo: safari ya saa kumi ndani ya basi lililojaa, zawadi kwa kila mtu, bahasha za fedha kwa wazee, na maswali yasiyokwisha kuhusu lini watapata mtoto. Mswahili yeyote aliyewahi kurudi kijijini wakati wa Sikukuu au Idi atayatambua hayo.

Kwa Waislamu wageni ilikuwapo mizani nyingine. Kuanzia 2021 hadi 2023 Songkran iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani, na mwaka 2021 tarehe 13 Aprili ilikuwa ndiyo siku ya kwanza ya funga kwa walio wengi. Mwaka huo kumwagiana maji kulikuwa kumepigwa marufuku kwa sababu ya korona. Mwaka 2023, sherehe ziliporejea kwa ukamilifu wake, aliyefunga alilazimika kuchagua njia zake kwa makini. Katika mji wa Chanthaburi, kitovu cha biashara ya vito, wamo wafanyabiashara Waafrika, wengi wao Waislamu kutoka Afrika Magharibi. Mji huo ndio pia ambako yakuti nyingi za Tunduru, kusini mwa Tanzania, zimekuwa zikipelekwa kuchomwa na kukatwa tangu miaka ya 1990.

Siku saba za hatari

Jambo moja huwaunganisha wanaoipenda Songkran na wanaoichukia, nalo ni hofu ya barabara. Mamlaka za Thailand zenyewe hukiita kipindi hiki siku saba za hatari, na hutoa takwimu za ajali kila siku. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 11 hadi 17 Aprili, watu 287 walipoteza maisha. Mwaka 2016 walikuwa 442. Sehemu kubwa ya ajali hizi huhusu pikipiki, na sababu zinazotajwa kwanza ni mwendo kasi na ulevi. Ndoo ya maji ikimpiga usoni mwendesha pikipiki aliye katika mwendo, si mchezo tena. Mwaka 2017, siku chache kabla ya sikukuu, serikali ilitaka kuzuia abiria kupanda nyuma ya pikapu, lakini ikarudi nyuma baada ya umma kupiga kelele: kwa familia nyingi maskini, hilo ndilo gari la kuwarudisha nyumbani.

Hofu ya pili ni ya wanawake, Wathai na wageni vilevile. Kisingizio cha kupaka udongo mashavuni kimewafungulia mlango wenye nia mbaya, na msongamano huwaficha. Mwaka 2018 maofisa waliwashauri wanawake wasivae nguo za kuvutia macho ili wasidhalilishwe. Mwanamitindo Cindy Bishop alijibu kwa kampeni iliyowataka wakubwa waache kuwaelekeza wanawake mavazi na badala yake wawaelekeze wanaume adabu. Kampeni hiyo ilisambaa haraka, na tangu hapo maonyo kwa wanaume yamekuwa yakisikika zaidi, ingawa wanawake wengi wageni bado huchagua kucheza mchana tu, wakiwa kundi.

Wageni walio wengi

Habari za wageni na Songkran kwa kawaida huishia kwa wazungu, ambao Wathai huwaita farang. Huo ni upungufu, kwani wageni walio wengi Thailand si wao. Ni wafanyakazi kutoka Myanmar, Kambodia na Laos, zaidi ya milioni mbili walioandikishwa, mbali na wasio na karatasi. Ndio wanaojenga maghorofa, wanaosafisha samaki huko Samut Sakhon, wanaolea watoto wa watu. Na kwao sikukuu hii si ya ugenini hata kidogo. Ni mwaka mpya wao pia. Uchungu wao ni wa kuwa na sikukuu, kuwa na mapumziko, na kutoweza kufika nyumbani.

Sheria ya kazi ya Thailand inamtaka mwajiri kutoa angalau siku 13 za sikukuu zenye malipo kwa mwaka, na ulinzi wa sheria hiyo hautegemei uraia. Katika karakana ndogo na majumbani, siku hizo hutegemea hisani ya tajiri. Hata anayepewa ruhusa hupiga hesabu: nauli, muda wa kibali chake, na kama kutoka kwake nje ya mpaka hakutamfungia mlango wa kurudi. Katika miaka kadhaa serikali imelegeza masharti ili wafanyakazi wa nchi hizo tatu wavuke kwenda kusherehekea na kurejea bila ada. Asiye na karatasi hanufaiki na hilo. Kwake yeye vizuizi vya polisi vinavyoongezwa barabarani kuwakamata walevi ni sababu ya kutotoka chumbani.

Kwa watu wa Myanmar mambo yamekuwa mazito zaidi tangu mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 1 Februari 2021. Wengi wao waligoma kusherehekea Thingyan chini ya utawala wa kijeshi, wakiona ni aibu kucheza wakati ndugu wako kaburini au gerezani. Februari 2024 jeshi lilitangaza kuanza kutekeleza sheria ya kuandikisha vijana kwa lazima, na kijana aliyekuwa akirudi kila Aprili akawa na sababu ya kutorudi. Siku chache kabla ya Songkran ya mwaka huo, wapiganaji waliteka vituo vya jeshi mjini Myawaddy, ng'ambo ya mto Moei, mkabala na mji wa Thailand wa Mae Sot. Wakati upande mmoja ukijiandaa kwa maji, upande wa pili watu walikuwa wakivuka mto kuokoa roho zao. Tarehe 28 Machi 2025 tetemeko kubwa liliipiga Myanmar na kuliangusha jengo refu lililokuwa likijengwa Bangkok, likiwafunika mafundi, baadhi yao wakiwa Wamyanmar. Wiki mbili baadaye ilikuwa Songkran.

Wakambodia nao, baada ya mapigano ya mpakani ya Julai 2025 na kufungwa kwa vivuko, waliondoka kwa wingi, na waliobaki waliikuta njia ya nchi kavu ya kwenda nyumbani imezibwa.

Wiki moja hivi baada ya Bangkok kukauka, mji wa Phra Pradaeng, kusini mwa jiji hilo, hufanya Songkran yake. Wanaoiandaa ni Wamon, ambao mababu zao walikimbia kutoka nchi ambayo leo ni Myanmar na kupewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 19. Kuna maandamano ya mavazi ya Kimon, mchezo wao wa jadi wa kutupa mbegu kubwa, na maji ya kumwaga, na Wathai wa Bangkok huenda huko kuitazama kama mojawapo ya sherehe zao za kale.